Lori Lina Macho Mangapi?

Tuko London. Vijana wetu wanaopeleka vyakula majumbani kwa baisikeli hutuuliza sisi wahandisi: dereva wa lori ananiona? Ukiwa umesimama ubavuni mwake kushoto, usitegemee.

Katika malori marefu ya ujenzi, dirisha huanzia juu kuliko kichwa cha mtu. Vioo vipo, tena vingi, lakini jicho ni lile lile moja linalovizunguka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds ulionyesha kwamba amwonaye mtu kupitia kioo huchelewa kuitikia kwa sekunde 0.7 kuliko amwonaye moja kwa moja. Kwa mwendo wa maili 15 kwa saa, hizo ni mita 4.7. Baisikeli haifiki mita 2.

Baina ya 2015 na 2017 malori makubwa yalihusika katika asilimia 63 ya vifo vya waendesha baisikeli London, ilhali maili yaliyotembea ni asilimia 4 tu ya maili zote. Ndipo Mamlaka ya Usafiri ya London ikaweka kipimo cha nyota, kuanzia sifuri hadi 5, kwa malori ya zaidi ya tani 12. Usimamizi ulianza Machi 2021. Tangu Oktoba 2024 zinatakiwa nyota 3, na lisilofikia hufungwa kamera, vihisio na kengele. Kwetu sisi kamera ni tiba ya muda. Dawa ni kiti kilichoshushwa na kioo kipana, kama malori ya taka ya halmashauri, ambayo dereva akigeuka mnatazamana.

Linalotukera ni hili: malori makuukuu ya hapa yana usukani kulia, na mengine huvuka bahari hadi kwetu. Huko hakuna nyota. Kuna utingo, atoaye kichwa kushoto na kupiga bodi kwa kiganja. Wenye shahada tusimcheke, yeye ndiye macho ya upande ule. Lakini tajiri akimwondoa ili aokoe mshahara, mama mwenye beseni kichwani pale Buguruni anabaki na nani?

Basi wenzetu mnaonunua mnadani kupeleka Dar es Salaam na Mombasa, kabla ya kulipa pandeni kitini, mwenzenu achuchumae kando ya gurudumu la kushoto, muulizane kama mnaonana. Kama hamwonani, karakana za hapa hutoboa mlango wa kushoto na kuutia kioo cha chini.