Safari ya Mashua Katika Ziwa Nyasa

Watoto wengi wa Mbeya na Iringa hukua wakiona milima, mahindi na chai. Mawimbi huyasoma kitabuni tu. Lakini kusini ya mji wa Mbeya, katika wilaya ya Kyela, nchi hushuka sana, na huko ndiko uliko mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Urefu wa ziwa hili wapita kilometa 550, na mahali penye kina kikubwa kabisa hufika meta 700 hivi. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta uliojengwa majini.

Katika likizo ya Juni, mwaka 2011, tulikuwa walimu wanne, wawili wa Mbeya na wawili wa Iringa. Tulipanda mashua ya tanga huko Matema kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambao wanawake wao husifiwa sana kwa kufinyanga vyungu. Asubuhi ile upepo mwanana ulitoka milimani, na maji yalikuwa shwari, hata mwenzetu mmoja wa Iringa akasema, "Kumbe ziwa ni bwawa kubwa tu!" Nahodha, mzee wa Kikisi, hakujibu neno, alikuwa akitazama kusini.

Wakati wa kurudi tulimchukua mama mmoja mwenye vyungu 24. Alikuwa akivipeleka kuuza Matema, apate ada ya shule ya mwanawe. Hatujafika nusu ya njia, mwera ukaanza kuvuma. Upepo huu hutoka kusini-mashariki, nao una nguvu hasa katika miezi ya baridi. Kwa kuwa hupita juu ya maji matupu mwendo mrefu, mawimbi huzidi kukua kadiri yaendavyo kaskazini. Nahodha akapunguza tanga. Mawimbi yakatufuata kwa nyuma, na moja likamwagika ndani, maji yakatufika vifundoni.

Yule mwenzetu akapaza sauti, "Tutupe vyungu, tuokoe roho zetu!" Akashika kimoja. Mama hakulia wala hakugombana naye. Alimtazama nahodha tu. Mzee akasema, "Mwalimu, usikitupe. Teka maji kwa chungu hicho, uyamwage nje."

Basi tukaketi, kila mtu na chungu chake, tukateka na kumwaga. Mama akatuhesabia kwa sauti ya utulivu, "Moja, mbili," ili tusigongane. Mikono ilituuma, lakini maji yakapungua, mashua ikawa nyepesi, ikatii usukani. Jua lilipokuwa likishuka tukafika Matema salama.

Vyungu 22 vilikuwa vizima. Tulitaka kumlipa mama bei ya vile viwili vilivyovunjika, naye akakataa. "Vyungu huvunjika hata jikoni," akasema. "Hivi vimevunjika vikituokoa." Ndipo mwenzetu wa Iringa akanunua kile alichotaka kukitupa, akakichukua kwao.

Sisi wanne tulikuwa na vyeti vya ualimu, lakini siku ile waliotufundisha walikuwa wawili: mmoja aliyeujua upepo, na mmoja aliyejua kazi ya chungu. Nanyi wanafunzi, mkiingia katika chombo cha mtu, mwulizeni kwanza habari za maji yake, kisha mfuateni asemavyo.