Kuuliza Mara ya Pili Katika Nchi ya Polandi

Ninyi wa pande za Arusha mmekwisha kuyaona makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, watu walioletwa kwetu tangu mwaka 1942 kwa sababu ya vita. Mimi nami nalipata kwenda kwao, nikakaa siku chache mjini Kraków. Nalichukua picha ya kaburi moja la Tengeru, nimpelekee bibi mmoja mzee wa Częstochowa. Bibi huyo alizaliwa kambini, na mama yake ndiye aliyelala pale.

Jioni nikaenda stesheni kuuliza saa ya gari la moshi. (Naliita hivyo kwa mazoea tu, maana la kule huenda kwa umeme.) Mwanamke wa dirisha la tikiti akanijibu upesi, nami nikatikisa kichwa, nikasema, “Tak, tak,” yaani ndiyo, ndiyo. Kumbe sikuelewa. Kwa Kipolandi tisa ni dziewięć na kumi ni dziesięć, na sikio la mgeni hulichanganya hili na lile. Yeye alisema dziewiąta, ndiyo saa tatu yetu ya asubuhi. Mimi nikashika dziesiąta, saa nne. Kesho yake nikafika na mzigo wangu, gari limekwisha kwenda zamani. Na bibi yule alikuwa amesimama stesheni ya kwao katika baridi, akimngoja mtu asiyekuja.

Mbona sikuuliza tena? Naliona haya, basi. Watoto wa darasa langu huwaambia kila siku, “Usiposikia, sema hukusikia.”

Mwenye nyumba nilimolala akanihurumia, akanifundisha. Akasema, usiulize “Co?”, yaani “Nini?”, hilo ni la ndugu na rafiki, na kwa mgeni ni ukali. Sema “Słucham?”, maana yake “Nasikiliza.” Nikapendezwa sana, kwani hata kwetu mtoto mwenye adabu akiitwa huitika “Naam” au “Labeka”, hasemi “Nini”. Na ukitaka maneno kamili, sema, “Przepraszam, czy może pani powtórzyć?” Yaani, “Samahani, je, bibi aweza kurudia?” Maana mtu wa heshima haambiwi “wewe”. Hutajwa kana kwamba hayupo: mwanamke ni pani, mwanamume ni pan. Padre naye huulizwa usoni pake, “Czy ksiądz może powtórzyć?”, kwamba padre aweza kurudia? Mara ya kwanza niliposikia hayo, nikageuka nyuma kumtafuta huyo padre mwingine.

Neno lile przepraszam lilinitoa jasho usiku kucha. Asubuhi nikarudi dirishani, nikalisema vibaya, lakini nikalisema. Yule mwanamke akacheka kidogo, akarudia polepole, akainua vidole tisa.

Basi, siku ya pili yake nikafika Częstochowa. Yule bibi alikuwapo tena. Nikamwomba radhi, nikampa picha. Akaitazama muda mrefu, akasema neno kwa sauti ndogo, nami sikulishika.

Nikasema, “Przepraszam, czy może pani powtórzyć?”

Akarudia, wala hakikuwa Kipolandi. “Asante,” akasema. “Asante sana.”