Kadi ya Kamera

Mimi ni karani wa parokia hapa Kawetele, na kamera ya parokia naitunza mimi. Jumapili moja ilinitia aibu kubwa.

Asubuhi nilipiga picha za Komunyo ya Kwanza. Jioni nikataka kufuta chache zilizotoka vibaya, nikabonyeza fomati. Kamera ikauliza kama nina hakika. Nikakubali bila kusoma (kiherehere changu!). Kufumba na kufumbua, kadi tupu.

Alhamisi akafariki mzee mmoja aliyepiga picha na mjukuu wake siku ile. Binti yake akaja: “Bwana karani, naomba ile picha ya baba. Hatuna nyingine.” Ulimi ukanikauka.

Nikashuka Tukuyu mjini kwa fundi. Akauliza, “Umepiga nyingine tangu hapo?” Sikupiga. “Basi usipige.” Akanieleza kwamba kwa kawaida kamera ikifomati hufuta orodha tu, picha zenyewe hubaki mpaka mpya ziandikwe juu yake. Hapo nikaelewa upesi: ni kama kuchana faharasa ya kitabu cha ubatizo, kurasa zingalipo. Programu ya kompyuta ikazisoma kurasa hizo moja moja, na mzee akatokea, mkono begani mwa mjukuu.

Siku hizi nahamisha picha kwanza, nazifungua kuzihakiki, ndipo nafomati ndani ya kamera ile ile. Kadi ya SD ina kitufe kidogo ubavuni, ukikishusha haifutiki. Yenye Komunyo nimekishusha, nayo imo kabatini pamoja na vitabu.