Ukumbi Wenye Mwangwi

Mwaka jana, katika ukumbi mmoja wa mtaa huku Eastlands, Nairobi, wazee walinipa heshima ya kusoma maisha ya marehemu mjomba wangu. Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, tulijaribu vipaza sauti. Loo! Kila neno lilirudi kutoka ukutani likalifunika lililofuata. Nikamwomba fundi aongeze sauti, akakataa katakata. "Bwana Karani, ukiongeza sauti umeongeza na mwangwi. Tungoje watu."

Sikumwamini. Baadaye nilisoma kwamba mnamo mwaka 1895 Wallace Sabine, wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alianza kuingiza mito ya viti katika ukumbi wenye mwangwi, akipima muda unaopita hata sauti ife. Saruji huirudisha sauti; nguo huinywa, na watu waliovaa nguo vivyo hivyo.

Alasiri ukumbi ukajaa makoti na kanga. Fundi akavielekeza vipaza kwa watu, si kwa kuta, akaninong'oneza nisome polepole. Mama, ambaye sikio lake moja halisikii, aliketi nyuma kabisa. Nilipolitaja jina la utani la kaka yake, nilimwona akicheka.