Kutoka Katesh hadi Mbulu: Karakana ipo uani, mtoto yupo hatua tatu

Ukitoka Babati mjini kwa barabara ya Singida, Mlima Hanang ndio unaokuongoza. Una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na ukishapita Endasak unauona umesimama peke yake juu ya mashamba. Chini yake upo mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang.

Katesh ndipo tope, mawe na magogo viliposhuka kutoka mlimani Desemba 3, 2023, vikaua zaidi ya watu 80 na kusomba nyumba na maduka. Mji uliopoteza nyumba kwa siku moja unahitaji milango, fremu, vitanda na mbao za paa. Kazi ya useremala hapa si ya kujipitishia muda.

Pembezoni mwa barabara utaona vitanda na makabati yaliyopangwa yakisubiri wateja. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanyiki barabarani. Ingia mitaani, au fuata barabara ya vumbi kwenda Basotu hadi Haydom, upande wa Mbulu, utakuta karakana zenyewe ziko uani. Nguzo mbili, ubao mnene juu yake, jiriwa ya kubania mbao, msumeno, randa, patasi na nyundo. Mwenye karakana mara nyingi ni mkulima: msimu wa shamba yuko kwenye mahindi, maharage au vitunguu swaumu, na akishavuna anarudi kwenye mbao.

Ni utaratibu mzuri kwa familia. Baba yuko nyumbani, watoto wanamwona akifanya kazi, na ada ya shule hupatikana humo humo. Shida ni kwamba karakana ya uani haina mlango wa kumzuia mtoto wa miaka miwili.

Baridi inapoleta randa ndani

Panda kutoka Haydom kwenda Dongobesh na Mbulu mjini kati ya Juni na Agosti, utaelewa kwa nini watu huvaa makoti mazito mchana. Ukungu hushuka, upepo huuma. Kwa baridi hiyo fundi huhamisha kazi ndani, sebuleni au kwenye banda lililoungana na jiko.

Hapo ndipo hatari inapoongezeka. Vumbi la mbao si uchafu wa kawaida tu. Tangu mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na mashimo yaliyo karibu na pua. Hiyo huwapata zaidi wanaolivuta kwa miaka mingi. Kwa mtoto, madhara ya karibu ni kukohoa, mafua yasiyoisha na kubanwa kifua, hasa kama ana pumu. Ongeza moshi wa kuni: Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani unakaribia kumzidishia mtoto mdogo mara mbili hatari ya maambukizi ya mapafu kama nimonia.

Habari njema ni kwamba kazi zote za mbao hazitoi vumbi sawa. Randa yenye kisu kikali hutoa maranda, yale mapindo membamba yanayoanguka chini na kutulia. Msasa hutoa unga laini unaoelea hewani muda mrefu baada ya fundi kuondoka. Kwa hiyo fundi anayenoa kisu cha randa na kulainisha ubao kwa randa hadi mwisho, akabakiza msasa kidogo tu, analinda kifua chake na cha mwanawe, na kazi yake hutoka safi zaidi.

Msasa ukibidi, upigwe nje, upepo ukivuma kutoka nyumbani kwenda shambani. Baada ya kazi usifagie pakavu, kwani ufagio hurudisha unga hewani. Nyunyiza maji kwanza au futa kwa kitambaa kibichi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii unga ule mwembamba. Barakoa za N95 husaidia zaidi. Na shati la kazi livuliwe nje kabla ya kumbeba mtoto.

Kipande cha kijani kisifike jikoni

Kwenye paa watu hupendelea mbao za dawa kwa sababu mchwa haziwezi. Ni uamuzi wa busara. Zile zenye rangi ya kijani kwa kawaida zimewekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Zikiwa juu ya paa hazina neno. Hatari huanza pale vipande vinavyobaki vinapotupwa kwenye rundo la kuni.

Moto hauiui aseniki. Sehemu hupanda na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu. Sasa fikiria majivu yanakwenda wapi katika nyumba zetu. Tunasugulia masufuria. Tunachanganya na maharage yasitobolewe na wadudu. Tunamwaga kwenye bustani ya mboga. Kipande kimoja cha mbao ya dawa kilichochomwa Jumatatu kinaweza kurudi mezani kwa njia tatu.

Rangi ya kijani hupauka kwa jua, hivyo usitegemee macho peke yake. Mnaponunua mbao, muulizeni muuzaji kama zimewekwa dawa. Vipande vyake viwekwe kwenye gunia lake, mbali na kuni na watoto, na visichomwe kabisa. Unga na maranda yake yasitandikwe kwenye banda la kuku. Mbao zisizo na dawa, kama za mgrevilea uliokatwa mpakani mwa shamba, vipande vyake vinafaa kwa kuni, na maranda yake yanafaa kwa kuku.

Chupa ya soda isiyo ya soda

Vanishi na tina hununuliwa kwa kupimiwa, na chombo kilicho karibu huwa ni chupa ya maji au ya soda. Kwa mtoto, chupa hiyo ina maana moja tu: kuna kinywaji. Tina na mafuta ya taa yakimezwa huweza kuingia kwenye mapafu na kumuumiza vibaya.

Ikitokea, usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa majirani watakushauri hivyo. Kutapika huongeza nafasi ya tina kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na ubebe chupa hiyo ili mganga ajue amekunywa nini. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imehudumia eneo hili tangu 1955, lakini kutoka vijiji vingi bado ni mwendo mrefu, na wakati wa mvua barabara huchelewesha zaidi. Kopo lenye kifuniko, lililoandikwa na kufungiwa juu asipofika mtoto, ni rahisi kuliko safari hiyo.

Mbulu mjini, kama ilivyo Katesh, mtoto wa fundi hujifunza kazi kwa kukaa karibu na baba. Hakuna haja ya kuikatisha desturi hiyo. Mpe mkubwa kipande cha mbao kavu isiyo na dawa na msasa mdogo, nje, mchana. Mdogo awe na mtu wa kumtazama hadi msumeno utundikwe. Na kama bado kuna ubao uliobaki, kazi ya kwanza ya fundi wa uani iwe hii: geti dogo la kufika kiunoni, lenye bawaba mbili na komeo upande wa nje, kati ya karakana na mlango wa jikoni.