Biskuti za Idi na Daftari la Bibi



Katika nyumba nyingi za watu wa pwani, Idi haiingii kwa takbira peke yake. Hutanguliwa na harufu ya iliki na siagi, itokayo jikoni tangu lile kumi la mwisho la Ramadhani. Sisi, mabinti watatu pamoja na mama yetu, tuliihamisha harufu hiyo kutoka Mji wa Kale wa Mombasa hadi Huruma, Nairobi, ambako tunakaa ghorofa ya nne, hatua chache kutoka Kiamaiko penye soko mashuhuri la mbuzi. Tulikuja na sanduku mbili za nguo, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na daftari la vipimo alilolianza bibi yetu kabla hatujazaliwa.

Tunaandika haya kwa ajili ya familia ambazo mwaka huu zitataka kuwaokea watoto biskuti za mwezi na nyota, ili zisiyapate yaliyotupata sisi.

Baba yetu alifariki mwaka uliotangulia Ramadhani hiyo. Mama alipotoka eda alituambia kwamba hatakaa kusubiri mkono wa ndugu; ataoka na kuuza. Oda yake ya kwanza ilitoka katika madrasa ya jirani: biskuti 120 za kupambwa, nusu mwezi mwandamo, nusu nyota, moja kwa kila mtoto siku ya Idi. Ma'alim alitoa nusu ya malipo mapema, na kufikia jioni fedha hizo zilikwisha kuwa unga, siagi, sukari na mayai. Vibati vya kukatia tuliviagiza kwa fundi wa jua kali pale Kamukunji, akatukunjia vipande vya bati, kimoja mwezi, kimoja nyota, kingo zake zimepigwa msasa zisikate vidole.

Mama alilifungua daftari akafuata kipimo kama kilivyoandikwa: unga wa ngano vikombe 3, siagi gramu 250, sukari kikombe 1, yai 1, beking pauda vijiko vidogo 2, na iliki ya kutwanga. Kipimo hicho akakizidisha, akakanda donge la kutosha nusu ya oda. Hatukuweza kuonja kwa kuwa tulikuwa tumefunga, lakini hatukuwa na wasiwasi. Ni nani angelitilia shaka daftari la bibi?

Hatuna jiko la umeme la kuokea. Tunaoka kwa sufuria kubwa iliyotandazwa mchanga mkavu, sinia ikawekwa juu ya kigae, kifuniko kikapaliwa makaa. Kazi hiyo huifanyia juu ya paa la ghorofa, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji, kwa sababu hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Ilikuwa saa nane za mchana, jua la utosi. Tulikata miezi 12 yenye ncha kali kama iliyochongwa, tukaifunika.

Tulipofunua, hapakuwa na mwezi hata mmoja. Ncha zilikuwa zimevimba na kuinama hadi zikakaribia kukutana. Tukajaribu nyota, nazo zikatoka mfano wa maua yaliyokanyagwa. Mdogo wetu akasema kwa upole kwamba labda rangi ingeficha kasoro. Mama hakumjibu. Alifunika sinia kwa kitambaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi tulimwona akilia mbele yetu.

Alipojifuta machozi alimwita mkubwa wetu akamwambia, "Chukua sahani umpelekee ma'alim, umwonyeshe zilivyo. Fedha ya watu ni amana. Akitaka kwingine, mwambie nitamrudishia, kidogo kidogo."

Ma'alim alizitazama, akauliza zimebaki siku ngapi. Siku tano, au sita mwezi usipoonekana. Akasema, "Mwezi wa mbinguni wenyewe bado hatujauona. Kwa nini mama yenu auharakishe wa kwake? Mwambieni watoto watangoja."

Usiku ule mama alimpigia bibi simu Mombasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

Mama akaeleza. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kicheko chake kirefu.

"Kipimo kile nilikata kwa bilauri, mwanangu. Duara. Duara likitanuka, si hubaki duara? Tena ile pauda niliitia kwa sababu ya babako, alikuwa hana meno ya kutafunia. Nani aliyekwambia ukate nyota?"

Mama akasema aliogopa kugusa kilichoandikwa na mkono wa mamake. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mamangu mimi alitumia samli. Nilipoanza kutia siagi alininunia wiki nzima, na biskuti akazila."

Maneno hayo yalitufungua. Kwa miaka yote tulidhani tunatunza kitu kisichobadilika tangu hapo kale, kumbe kila aliyelishika daftari lile alikipima kwa meno ya watu wake, moto wake na mji wake. Asubuhi yake tukaanza upya, safari hii kwa kujaribu kidogo kidogo, biskuti tatu tatu, tusipoteze unga. Tuliyojifunza ni haya.

Kwanza, beking pauda. Kazi yake ni kutoa hewa inayoinua na kutanua donge. Biskuti inayotakiwa kushika umbo haiihitaji. Tena Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kwa hiyo kiasi kilekile cha pauda huvimbisha zaidi huku bara. Tuliitoa yote, tukaweka chembe ya chumvi.

Pili, kukoroga. Siagi na sukari vikipigwa sana hadi vikawa vyeupe na vyepesi kama vya keki, huwa vimemeza hewa, na hewa hiyo hutanuka motoni. Changanya mpaka vishikane tu. Tukapunguza sukari hadi robo tatu ya kikombe, kwani sukari huyeyuka na kusukuma kingo nje, nasi tukaitwanga iwe laini. Unga tukauongeza ukawa vikombe 3 na nusu. Siagi na yai havikubadilika. Kipimo kimoja hutoa biskuti 40 hivi.

Tatu, ambalo ndilo kubwa, ni baridi. Siagi huanza kulegea kabla unga haujapata nafasi ya kukauka na kushikana. Ikiingia motoni imekwisha kulainika, umbo humwagika. Ikiingia ikiwa ngumu, kingo hukauka mapema na umbo husalia. Donge letu la kwanza lilisukumwa juani! Safari hii tulilipeleka kwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama Mkristo auzaye maziwa, naye akatupangia rafu nzima katika friji yake. Alipojua kwamba siagi imetuishia alitukopesha pakiti tatu, akasema tutalipa Idi ikipita. Donge likae kwa saa nzima. Kisha lisukume liwe na unene wa nusu sentimita, usawa mmoja kote, ukate, na maumbo yenyewe uyarudishe kwenye baridi dakika 20 kabla ya kuyaoka.

Nne, moto. Uwe tayari umekolea kabla sinia haijaingia, kwani sufuria iliyo vuguvugu huyeyusha siagi bila kuoka. Wenye jiko la kupima waweke nyuzi 180, dakika 10 hadi 12, mpaka kingo zianze tu kubadilika rangi. Nazo zipoe kabisa kabla ya kupambwa, la sivyo pambo litateleza.

Tulioka usiku baada ya tarawehe. Kwa miaka mingi mama ameinung'unikia baridi ya Nairobi, akisema inamwingia mifupani. Usiku ule aliishukuru kwa sauti. Upepo wa paani uliweka sinia zetu baridi zilizokuwa zikingoja zamu. Mkupuo wa kwanza ulipofunuliwa, mdogo wetu alimulika kwa tochi ya simu: miezi 12, kila mmoja na ncha zake mbili. Hakuna aliyesema neno. Mama aliichukua mmoja ungali moto, akautazama pande zote, akaurudisha mahali pake.

Zile zilizoharibika hazikutupwa. Donge lililosalia tulilikata kwa bilauri, likawa biskuti za duara kama za bibi, tukazigawa milango yote ya ngazi yetu wakati wa futari, kwa Waislamu na wasio Waislamu. Watu wakazisifu. Kumbe hazikuwa na kosa lolote. Ni sisi tuliozitaka ziwe nyota.

Kadhi Mkuu alipotangaza kuandama kwa mwezi, biskuti 120 zilikuwa zimekwisha pambwa kwa sukari nyeupe na kijani, zimepangwa katika masanduku. Ma'alim alilipa nusu iliyobaki, na jirani wa maziwa akapata haki yake siku ya pili ya Idi, pamoja na sahani.

Kuhusu daftari, mama hakufuta kitu. Chini ya kipimo cha bibi aliandika "Mombasa, ya duara". Akapiga mstari, akaandika kipimo kipya, na juu yake "Huruma, ya mwezi na nyota". Kisha akaacha nusu ukurasa mweupe. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba hajui sisi tutaolewa wapi.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, na azitie baraka kazi za mikono yetu. Amin.