Pumzi ya Herufi H

Katika lugha yetu, kati ya ndiyo na hapana mara nyingi ipo pumzi moja tu. “Atakuja” na “hatakuja” hutenganishwa na herufi H. Kadhalika “ataweza” na “hataweza”, “atapona” na “hatapona”. Walimu wa imla tunaijua vyema herufi hii. Wapo wanafunzi walioiacha wakasema “abari”, na wapo walioiongeza mahali isipotakiwa. Darasani kosa hilo lilipunguza alama. Siku hizi, ndugu zetu wakiwa wametawanyika duniani nasi tukizungumza nao kwa intaneti, kosa lile lile laweza kufanywa na chombo, na hakuna wa kulisahihisha.

Tuanze na hesabu. Simu za dijitali za zamani ziliipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti 8. Zidisha, utapata biti 64,000 kwa kila sekunde. Ni mzigo mkubwa kwa mtu anayenunua bando la shilingi chache. Hapo ndipo inapoingia kodeki, programu inayoikunja sauti upande wa msemaji na kuikunjua upande wa msikilizaji. Kodeki iitwayo Opus, iliyotangazwa mwaka 2012 na kuenea sana katika simu za intaneti, yaweza kushuka hadi biti 6,000 kwa sekunde. Hufanya kama katibu wa kikao: haandiki kila neno, huandika muhtasari unaotosha. Huangalia jinsi koo na kinywa vinavyotoa sauti, na kutokana na sauti iliyopita hukisia ile inayofuata.

Muhtasari huo hutumwa kwa pakiti ndogo ndogo, aghalabu kila moja ikibeba milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde. Waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009 ukipita chini ya bahari, njia yetu ya kwenda nje ilipanuka sana. Hata hivyo, hatua ya mwisho, kutoka mnarani hadi simu iliyo mkononi, ingali hewani, na jioni watu wa Mbagala nzima huigombania. Pakiti ikipotea, mazungumzo hayaisubiri. Simu hulijaza pengo kwa kukisia. Irabu hudumu na kutulia, kwa hiyo kuikisia ni rahisi. H ni pumzi fupi isiyo na mlio. Tena zipo programu ambazo, ili kubana matumizi, hupunguza kutuma pakiti mtu anaponyamaza. Neno likianza kwa pumzi dhaifu, laweza kuhesabiwa kuwa bado ni kimya, likakatwa kichwa.

Nilikuwa msibani hapa Mbagala, tumekaa chini ya turubai, mvua inanyesha. Binti wa marehemu alipiga simu kutoka Kanada kutoa habari za kaka yake, anayeishi huko pia. Simu ikawekwa spika. Tuliokaa karibu tulisikia, “Kaka atakuja.” Wanaume wakaanza kujadili kusogeza mazishi hadi Jumamosi, na nani agharimie siku tatu zaidi. Shangazi mtu, mama mzee ambaye hakusoma sana, akaiomba simu.

“Mwanangu, huku mvua. Kaka yako yuko njiani, au ameshindwa?”

“Ameshindwa, shangazi. Amekosa ruhusa kazini. Mzikeni baba.”

Tulizika alasiri ile.

Shangazi hakujua kodeki ni nini, lakini alifanya jambo la ualimu. Aliliacha neno linalosimama juu ya H, akachagua maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. “Yuko njiani” na “ameshindwa” hayawezi kuchanganywa hata zikipotea pakiti kumi.

Siilaumu kodeki. Kwa ubahili wake, bibi wa Tandika humsikia mjukuu aliye London bila kuuza kuku. Ila kwa mambo ya mauti, dawa, fedha na ndoa, tusikiweke kikanusho peke yake mwanzoni mwa sentensi. Tuseme “ameshindwa”, “amekataa”, “acha kumpa dawa hiyo”, kisha tumwombe wa upande wa pili arudie alichosikia, kama tulivyowaambia wanafunzi waisome tena imla kabla ya kukusanya madaftari.